Barua ya wazi kwa wanaotunza hesabu za Taifa: tuunganishieni Pato la Taifa tangu uhuru hadi leo

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Fedha na Waziri mwenye dhamana ya mipango,
Kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Nawasalimu kwa heshima.

Julai 2025 tulizindua Dira 2050, yaani mpango wa maendeleo ya nchi hadi mwaka 2050. Tumejiandikia humo kwamba ifikapo mwaka huo uchumi wetu uwe umefikia dola trilioni moja, na wastani wa pato la kila Mtanzania uwe dola 7,000. Naitakia Dira hiyo mema. Uchumi wa mwaka 2024 ulikuwa karibu dola bilioni 80, kwa hiyo tunachosema ni kwamba utaongezeka zaidi ya mara kumi na mbili ndani ya robo karne. Nchi inayojiwekea lengo la namna hiyo inahitaji kujua imekuwa ikienda kwa kasi gani tangu ilipoanza safari, na hapo ndipo penye shida. Hatuna kitabu hata kimoja cha Serikali ambacho mwananchi anaweza kukifungua akaona Pato la Taifa la kila mwaka tangu 1961 hadi leo, katika mfululizo mmoja unaolinganishika.

Tulicho nacho ni vipande. Kuna hesabu za mwaka wa kizio 1966 (mwaka wa kizio ni ule ambao bei zake hutumika kulinganisha miaka mingine), kuna za 1976, za 1992, za 2001, za 2007 na sasa za 2015. Kila kipande kilitengenezwa kwa taarifa zake, kwa orodha yake ya shughuli za kiuchumi na kwa bei zake. Kati ya kipande na kipande kuna maungio, na ya zamani zaidi ndiyo dhaifu. Ombi langu ni moja: yaungeni, mchapishe, na mtueleze mlivyoyaunga.

Mimi si mchumi mkubwa. Nimefanya kazi ya udadisi, yaani ya kuhoji watu na kujaza dodoso, kwenye tafiti za kaya huku Nyanda za Juu Kusini, na najua tarakimu zinakotoka kabla hazijafika Dodoma. Niruhusuni nianzie huko chini.

Swali gumu kuliko yote kwenye dodoso ni fupi sana: ulivuna magunia mangapi? Mkulima anakujibu bila kusita, kumi na mawili. Ukimuuliza ni magunia ya namna gani, ndipo kazi inapoanza. Gunia aliloliweka ndani kwa chakula limeshonwa mdomo wake vizuri, debe sita. Gunia alilomuuzia mfanyabiashara aliyekuja na lori ni lumbesa: limejazwa mpaka likapita mdomo, likavikwa kilemba cha nyavu na kamba, na humo mna debe saba au zaidi. Kwenye viazi kilemba hicho hurefuka mpaka gunia linamshinda mtu mzima kulikumbatia. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na shambani lumbesa bado ipo kwa sababu mwenye lori ndiye mwenye fedha. Mkulima huyo huyo alishauza mengine kwa sado barabarani, akampa shemeji yake debe mbili, na mahindi mabichi yaliliwa tangu Machi bila mtu yeyote kuyahesabu. Mdadisi ana kisanduku kimoja cha kuandika idadi na kingine cha kuandika kipimo. Anaandika: magunia 12.

Tuseme gunia hilo linageuzwa ofisini kuwa kilo 100 wakati shambani lilikuwa na kilo 120. Kilo zinapungua kwenye hesabu. Bei ya gunia ikigawanywa kwa 100, kila kilo inaonekana imeuzwa ghali kuliko ilivyouzwa. Kwa thamani ya shilingi makosa haya mawili yanaweza kufutana. Kwa kiasi cha mavuno hayafutani. Na kama lumbesa imekuwa ikinenepa mwaka hadi mwaka, basi sehemu ya jasho la mkulima tumekuwa tukiiandika kama mfumuko wa bei badala ya kuiandika kama ongezeko la uzalishaji. Au kinyume chake: siku atakapotokea mtaalamu makini akasahihisha uzito wa gunia katika utafiti mpya, mavuno ya nchi yatapanda kwa moja ya tano na hakuna aliyelima hata jembe moja zaidi. Kilimo ni zaidi ya robo ya Pato la Taifa. Gunia si jambo dogo.

Nimekaa kwenye gunia kwa sababu mambo mengine yote ninayoyasema yanafanana nalo. Kipimo kinabadilika, na sisi tunasoma mabadiliko ya kipimo kama mabadiliko ya maisha.

Makadirio ya kwanza ya pato la Tanganyika yalifanywa na wataalamu wa kikoloni, yakihusu miaka ya 1952 hadi 1954. Tangu wakati ule swali lilikuwa lile lile: chakula ambacho mtu analima na kula mwenyewe kihesabiweje? Njia iliyotumika sana katika nchi zetu ilikuwa kukisia kiasi anachokula mtu mmoja wa kijijini, kisha kukizidisha kwa idadi ya watu, na mwaka unaofuata kukiongeza kwa kasi ile ile ya ongezeko la watu. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana hapakuwa na kitu kingine. Lakini matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya uchumi ilikuwa haipandi wala haishuki kwa kila mtu, iwe mvua imenyesha au kumepiga ukame, kwa sababu tu hesabu ilivyopangwa haikuruhusu.

Kisha tukaingia miaka ya 1970 mwishoni na 1980. Wanaokumbuka maduka ya kaya na foleni za sabuni na unga hawahitaji kuelezwa. Mazao yaliyopitia kwa Shirika la Usagishaji la Taifa yaliandikwa. Yaliyopita usiku kuelekea Zambia, Malawi au Kenya hayakuandikwa. Shati lililouzwa kwa magendo Kariakoo halikuingia katika hesabu, na aliyeliuza mwaka 1983 alikuwa hatarini kukamatwa kama mhujumu uchumi. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, bila kuwauliza walizipata wapi, maduka yakaanza kujaa. Je, uchumi ulikuwa umeanguka kiasi kile kilichoandikwa, au sehemu yake ilikuwa imejificha tu? Na uliporudi juu, ni kiasi gani kilikuwa ukuaji wa kweli, na kiasi gani kilikuwa biashara ya gizani iliyojitokeza mwangani? Hilo ni swali la historia yetu kabisa. Linahusu jinsi tunavyouhukumu Ujamaa na jinsi tunavyouhukumu mageuzi yaliyofuata, na watu wazima bado wanalibishania kila mmoja akiwa ameshika tarakimu zake.

Hapo kati ndipo mnyororo wetu ulipokatika vibaya zaidi. Mwaka 1997 ilitolewa ripoti ya hesabu zilizorekebishwa, kwa mwaka wa kizio 1992. Ilikuwa kazi kubwa na nzuri. Sekta isiyo rasmi ilianza kuonekana na kiwango cha pato kikapanda. Lakini marekebisho yalirudishwa nyuma hadi 1987 tu. Miaka ya kabla ya hapo iliachwa na hesabu zake za zamani. Kwa hiyo anayetaka kujua Tanzania ilikua kwa kasi gani kati ya 1976 na 1996 anaruka kutoka kipande kimoja hadi kingine, na jibu lake linategemea amerukia wapi. Wenye kanzidata za kimataifa walio Washington na kwingineko wameshajiungia wenyewe, kila mmoja kwa njia yake. Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayeandika tasnifu kuhusu uchumi wa nchi yake anakwenda kuchukua historia ya Tanzania kwa watu hao.

Ndugu Mtakwimu Mkuu, nasema haya nikijua kazi ya kubadili mwaka wa kizio ni ya lazima. Desemba 2014 ofisi yako ilipotoa hesabu za kizio cha 2007, pato la mwaka huo lilipanda kutoka shilingi trilioni 20.9 hadi trilioni 26.8, yaani asilimia 27.8. Ghana walikuwa wameshafanya hivyo Novemba 2010 na uchumi wao ukaongezeka kwa takribani asilimia 60. Nigeria Aprili 2014, asilimia 89, wakaipita Afrika Kusini. Kenya Septemba mwaka huo huo, asilimia 25. Walioongeza walikuwa sahihi. Simu za mkononi, bodaboda, wapangishaji wa vyumba, mafundi seremala na mama lishe walikuwepo wakifanya kazi, hesabu ndiyo iliyokuwa haijawafikia.

Lakini hebu tuangalie asilimia hiyo 27.8 kwa utulivu. Uchumi unaokua kwa asilimia 6 kila mwaka unahitaji zaidi ya miaka minne kufikia ongezeko hilo. Tulilipata kwa kuchapisha ripoti moja. Uwiano wa deni la Taifa kwa pato ukashuka bila kulipa hata shilingi. Uwiano wa kodi kwa pato nao ukashuka bila mfanyabiashara yeyote kukwepa zaidi ya jana. Mtu akichora mchoro wa miaka ishirini akaweka kipande cha zamani na kipya pamoja bila kuunga, ataona mruko mkubwa, naye atatafuta kiongozi wa kumsifu au sera ya kuisifia. Nimeona michoro ya namna hiyo ikisambazwa, na waliosambaza hawakuwa na nia mbaya.

Mstari wa uchumi wa kati nao ni vivyo hivyo. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituweka kwenye kundi la nchi za kipato cha kati ngazi ya chini. Pato la wastani lilikuwa limetoka dola 1,020 hadi dola 1,080, na mstari ulikuwa dola 1,036. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Tulivuka kwa dola 44. Asilimia 4 ya dola 1,080 ni dola 43. Marekebisho madogo ya mwaka wa kizio, au makadirio ya idadi ya watu yaliyopishana kidogo na sensa, yanatosha kabisa kutuvusha mstari wa namna hiyo au kuturudisha. Tukilielewa hilo mapema, siku nyingine tarakimu ikirekebishwa kushuka hatutatafuta mchawi.

Na dola yenyewe? Mwaka 1985 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa karibu shilingi 17, wakati mitaani ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kufikia 1990 ilikuwa karibu shilingi 200. Anayegeuza pato letu la miaka ya 1980 kuwa dola kwa bei rasmi atapata Watanzania waliokuwa na hali nzuri, kisha wakaporomoka ndani ya miaka michache. Mkulima wa Mbozi hakuporomoka hivyo. Shilingi iliyokuwa imeshikiliwa kwa amri ndiyo iliyoachiwa. Dira 2025, iliyoitangulia Dira 2050, ilipima mafanikio kwa dola 3,000 kwa mtu na Dira 2050 inapima kwa dola 7,000, kwa hiyo naomba kila mwaka tunapotangaziwa tumefika wapi tuambiwe pia kwa shilingi za bei zisizobadilika, yaani zilizoondolewa mfumuko wa bei. Na tuambiwe kwa kila mtu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, tukafika watu 61,741,120. Uchumi ukikua kwa asilimia 5 na nusu, kinachobaki kwa kila kichwa ni zaidi kidogo tu ya asilimia 2.

Kuna jambo la siku za karibuni linalohitaji maelezo ya aina hii hii. Mwaka 2019 yalianzishwa masoko ya madini nchini. Dhahabu ya mchimbaji mdogo, ambayo zamani ilivushwa mipakani mfukoni mwa mtu, sasa inapimwa kwenye mizani, inalipiwa mrabaha na inaandikwa. Ni moja ya hatua bora tulizopiga. Tangu hapo mchango wa madini kwenye Pato la Taifa umepanda kweli kweli. Ninachouliza ni kiasi gani cha kupanda huko ni dhahabu iliyochimbwa zaidi, na kiasi gani ni dhahabu iliyokuwa ikichimbwa siku zote ila sasa imeonekana. Yote mawili ni habari njema, lakini la kwanza ni ukuaji na la pili ni uandikishaji. Mtunga sera akidhani yote ni ukuaji, atapanga miaka mitano ijayo kwa kasi ambayo haipo. Uandikishaji hufika mwisho pale kila mchimbaji anapokuwa ameshaandikwa.

Siwezi kumaliza bila kuitaja Zanzibar. Kwa miaka mingi tarakimu ambazo dunia inazisoma kama Pato la Taifa la Tanzania zimekuwa za Tanzania Bara peke yake, na Zanzibar ina hesabu zake zinazotengenezwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali huko. Karafuu, hoteli za Nungwi na Paje, wavuvi wa Pemba, wakulima wa mwani: wote hao ni Watanzania, na Dira 2050 inawahesabu. Mfululizo ninaouomba uwe na safu tatu, Bara, Zanzibar na Jamhuri ya Muungano, na uoneshe biashara ya kati ya pande mbili ilivyoshughulikiwa ili kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili.

Nimefika kwenye sehemu ambayo najua ni nyeti, nami naiandika kwa nia safi. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa kwa namna iliyowafanya watu waogope kuandika tarakimu zinazotofautiana na za Serikali. Mwaka 2019 vipengele hivyo vikarekebishwa tena na kulegezwa, jambo lililokuwa jema. Mwaka huo huo Benki ya Dunia ilikadiria kwamba uchumi ulikua kwa asilimia 5.2 mwaka 2018, wakati hesabu zetu rasmi zilisema asilimia 7. Wananchi walibaki wakitazama pande mbili bila njia ya kupima wenyewe. Wengine walichagua kuamini kwa kufuata mapenzi yao ya siasa. Kama kungekuwa na kitabu cha mbinu kilicho wazi, chenye chanzo cha kila sekta na jinsi kila kiashiria kinavyotumika, mabishano yale yangegeuka kuwa mazungumzo ya kitaalamu: sekta gani, kiashiria gani, tofauti imetoka wapi. Kuheshimika kwa ofisi ya takwimu kunatokana na kukagulika kwake.

Kwa hiyo ombi langu kwa urefu wake ni hili. Undeni kikosi cha pamoja cha ofisi zenu mbili, Benki Kuu, Tume ya Mipango na vyuo vyetu, kikiwemo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Kazi yake iwe kuunganisha hesabu za 1961 hadi leo. Pale ambapo taarifa ni chache, watoe makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu badala ya tarakimu moja yenye desimali. Mwananchi anaweza kabisa kuelewa kwamba pato la 1981 halijulikani kwa uhakika kama la 2021. Kila mahali kipande kilipobadilika, waandike ni kiasi gani cha mabadiliko kilitokana na mbinu na kiasi gani na uchumi wenyewe. Kwa mazao, wachapishe jedwali la vipimo vilivyotumika kila utafiti, gunia, debe, tenga, mkungu, kwa kila mkoa. Hilo la mwisho wadadisi wako watalisaidia bure, maana tumelibeba mgongoni.

Wafanye haraka kwa sababu moja. Walioandaa hesabu za miaka ya 1970 na 1980 kwa kikokotoo cha mkono ni wazee sasa. Wanajua kwa nini tarakimu fulani ilikisiwa, ni afisa kilimo wa wilaya gani aliyekuwa akileta taarifa za kuaminika, na faili lipi lilipotea wakati ofisi inahama. Sehemu kubwa ya maarifa hayo haikuandikwa popote. Wengine wanapatikana kwa simu moja tu. Waiteni, wakalishwe mezani pamoja na vijana wenye kompyuta, warekodiwe.

Machi 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo mpya wa hesabu za mataifa, unaotilia mkazo zaidi kuhesabu pia tunachokipunguza tunapozalisha, kama madini yanayotoka ardhini. Nchi zote zitalazimika kuuhamia hatua kwa hatua. Hiyo ina maana kipande kingine kiko njiani, na maungio mengine. Naomba tuunge ya nyuma kabla ya kuongeza la mbele.

Kila Juni, asubuhi ya siku ya bajeti, kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa huwekwa mezani bungeni. Naomba rasimu ya mfululizo huo iwe kiambatisho chake ndani ya miaka miwili ijayo, na majedwali yake yawekwe kwenye tovuti zenu katika faili ambalo mtu anaweza kulipakua na kulipigia hesabu mwenyewe, kwa Kiswahili.

Natanguliza shukrani, nami niko tayari kuitwa nikihitajika.

Mdadisi wa zamani,
Nyanda za Juu Kusini